Mita 30 Kila Upande: Barabara, Kihamba na Sheria Katika Miteremko ya Kilimanjaro

Katika vitabu vya bajeti ya Wizara ya Ujenzi kuna barabara ya mkoa wetu yenye jina lisilotamkika kwa pumzi moja: Marangu – Tarakea – Rongai – Kamwanga/Bomang'ombe – Sanya Juu. Nawaomba wasomaji wangu waitazame ile alama ya mkwaju iliyo katikati ya jina. Upande wake wa kushoto ni barabara inayoanzia Marangu Mtoni na kuupanda mlima kwa upande wa mashariki. Upande wa kulia ni barabara inayoanzia Bomang'ombe na kuupanda kwa upande wa magharibi. Baina ya Kamwanga na Sanya Juu palibaki pengo, na pengo hilo ndilo lililokuwa la mwisho kufikiwa na lami. Kwa maneno mengine, Serikali ilipanga kuuzunguka mlima ikianzia ncha mbili, na hata jina la mradi likakiri kwamba ncha hizo hazijakutana.

Mengi yameandikwa kuhusu lami ya barabara hiyo: lini ilianza, nani aliahidi, nani alizindua. Mimi nataka kuandika juu ya ardhi iliyo kando ya lami, kwa kuwa huko ndiko dola na mwananchi wanakokutana uso kwa uso, na mara nyingi huko ndiko mwananchi anakoshindwa bila hata kujua kwamba kulikuwa na kesi.

Kwanza tuelewe mlima wenyewe. Uchaga ni nchi ya migongo na makorongo. Maji yatokayo msituni yameichana miteremko ya kusini na mashariki kwa maelfu ya miaka, yakaacha migongo myembamba inayoshuka kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Kila mgongo, au migongo michache pamoja, ulikuwa na Mangi wake: Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mamba, Mwika, hadi himaya ndogondogo za Rombo. Njia za asili zilikuwa za aina mbili. Zilikuwepo za kupanda na kushuka kutoka vihamba vya juu kwenda mashamba ya tambarare, na zilikuwepo za kukatiza makorongo kwenda sokoni, kwenye harusi na, tukiwa wakweli, vitani.

Ukoloni ulichagua aina moja. Wamisionari walipokita Kilema mwaka 1890 na Machame mwaka 1893, na Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli mwaka 1900 na kuikalia nchi bila upinzani mkubwa tena, haja ya mtawala ilikuwa kuufikia kila mgongo kutoka chini. Reli ya Usambara ilipofika Moshi mwaka 1911, mji wenyewe ulihama kutoka kwenye boma la Moshi ya Kale na kuteremka tambarare kulifuata gari moshi. Tangu hapo kila kitu kilitazama kituo cha reli. Waingereza wakaja mwaka 1916 kwa njia ya Taveta, wakivuta reli ya kijeshi kutoka Voi hadi Kahe, na njia hiyo ya vita ndiyo mzazi wa barabara tunayopita leo kwenda Holili. Kisha ikaja kahawa. Charles Dundas akaihimiza akiwa mtawala wa hapa, wakulima wakaunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, KNCU ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1930, na barabara za migongo zikawa mifereji ya kuteremshia magunia. Nguvu kazi ilitoka kwa wenyeji wenyewe. Kazi ya pamoja ambayo Mangi aliwaitia watu kuchimba na kusafisha mifongo ya maji, mkoloni aliigeuza kuwa ya kuchimba barabara. Babu zetu walizichonga barabara zile kwa majembe, wakizipitisha katikati ya migomba yao wenyewe.

Matokeo yake tunayaona hadi leo. Mtu wa Kibosho mwenye msiba Machame anaweza kuliona paa la nyumba ya mfiwa ng'ambo ya korongo la Weruweru, lakini kwa gari inambidi ateremke hadi barabara kuu ya Moshi–Arusha, aende magharibi, kisha apande tena. Barabara zetu zinatuunganisha na ghala na kituo cha reli. Zinatuunganisha sisi kwa sisi kwa shida. Ndiyo maana barabara ya kuuzunguka mlima ina maana kubwa kisiasa, na ndiyo maana siwezi kuungana na wanaoikejeli kwamba ni barabara ya kura.

Tuizunguke basi. Kutoka Himo unapanda hadi Marangu Mtoni, na hapo barabara inagawanyika: watalii wanaendelea kupanda kwenda lango la hifadhi, wenyeji wanageukia mashariki kupitia Mamba na Mwika kuingia Rombo. Mengwe, Mkuu, Mashati, Usseri, Tarakea. Upande huu ni kihamba baada ya kihamba. Nyumba ya huyu inaishia pale migomba ya yule inapoanzia. Ng'ambo ya mpaka ni Kenya, na wazee wa Rombo wanaukumbuka vizuri wakati ule mpaka ulipofungwa mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, hadi ulipofunguliwa mwaka 1983. Kahawa ilivuka usiku kwenda, sabuni na mafuta ya kupikia vikavuka usiku kurudi. Dola haikuwa na barabara ya maana huku, lakini magendo yalikuwa nazo nyingi. (Mada hii inastahili tasnifu nzima, mwanafunzi yeyote anayetafuta kichwa cha utafiti asikawie.)

Baada ya Tarakea unaingia mashamba ya miti ya Serikali ya Rongai, kisha Kamwanga ambayo kiutawala si ya mkoa wetu bali ni ya Longido, Arusha. Halafu Ol Molog, Ngare Nairobi, Sanya Juu. Hapa mandhari yanabadilika ghafla. Mashamba ni makubwa, jicho linakwenda mbali bila kugonga nyumba. Hii ndiyo ardhi waliyopewa walowezi enzi za Wajerumani na Waingereza, ikataifishwa baadaye. Si mbali na hapa, mwaka 1951, Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki na nyumba zao zikachomwa ili kupisha mpango wa mashamba ya Wazungu, na Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwashitakia.

Nimeyataja haya yote kwa sababu moja. Barabara ni hiyohiyo, sheria ni hiyohiyo, lakini ardhi ya magharibi na ardhi ya mashariki zina historia mbili zilizo kinyume. Magharibi pana nafasi ya barabara kwa sababu watu waliondolewa zamani. Mashariki hapana nafasi kwa sababu watu walibaki. Sheria isiyojua tofauti hiyo itamwadhibu yule aliyebaki.

Sasa tuitazame sheria yenyewe. Wakati wa Waingereza kulikuwa na Sheria ya Barabara Kuu ya 1932, na baadaye yakaja matangazo ya 1967. Kwa miongo mingi hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilihesabiwa kuwa mita 22.5 kutoka katikati ya barabara kwa kila upande. Bunge likapitisha Sheria ya Barabara Namba 13 ya mwaka 2007, na kanuni zake za 2009 zikaipanua hifadhi hadi mita 30 kila upande, yaani mita 60 kwa jumla. Hapo ndipo zilipozaliwa zile alama ambazo kila Mtanzania anayekaa kando ya barabara anazifahamu. X nyekundu ukutani: umejenga ndani ya mita 22.5, wewe ni mvamizi, bomoa mwenyewe, hakuna fidia. X ya kijani: uko kati ya mita 22.5 na 30, sheria imekukuta, utalipwa.

Utalipwa lini? Jibu ambalo Serikali imekuwa ikilitoa bungeni, mawaziri wakibadilika na jibu likibaki, ni kwamba eneo litalipwa pale litakapohitajika kwa ujenzi. Jibu hilo linasikika la busara mpaka ujiweke mahali pa mwenye nyumba. Eneo halijatwaliwa, kwa hiyo hadai fidia. Lakini limewekwa alama, kwa hiyo haruhusiwi kuliendeleza. Benki haimkopeshi kwa dhamana ya ukuta wenye X. Mnunuzi akiiona X anageuza gari. Kijana anayetaka kuongeza chumba cha duka anaambiwa na ofisa mtendaji asipoteze fedha zake. Ardhi ni yake kwa kodi na kwa majukumu, lakini si yake kwa matumaini.

Wanasheria wataniambia kwamba mwananchi huyo analindwa. Ni kweli, kwenye karatasi analindwa vizuri sana. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Sheria za ardhi za 1999 zinataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za 2001 zinataja thamani ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, makazi ya muda na faida iliyopotea, na malipo yakichelewa kupita miezi sita riba inaanza kuhesabiwa. Sheria ya Uthamini ya 2016 imeongeza kwamba thamani isiyolipwa ndani ya miaka miwili hupitwa na wakati. Lakini tazama saa hizi zote zinaanza kuhesabu lini. Zinaanza pale mthamini anapofika na kalamu yake. Rangi ya kijani si uthamini. Hakuna saa yoyote inayoanza kuhesabu siku kijana wa mkandarasi anapochovya brashi na kuchora X. Huo ndio ufa ulioko katika sheria zetu, na katika ufa huo watu wanaweza kuishi miaka mingi.

Katika tambarare za Handeni au Chalinze, ufa huu ni usumbufu. Mlimani ni jambo jingine, na hapa naomba tufanye hesabu kidogo. Tofauti kati ya mita 22.5 na 30 ni mita 7.5 kila upande, mita 15 kwa pande zote mbili. Kila kilomita moja ya barabara inachukua hekta moja na nusu ya ziada. Chukua kipande cha kilomita 60, ambacho ni karibu umbali wa kutoka Marangu Mtoni hadi Tarakea: ni hekta 90, zaidi ya ekari 220 za ardhi ya migomba na kahawa. Na hiyo ni ile nyongeza ya 2009 peke yake. Sasa chukua kihamba cha nusu ekari, ambacho si kidogo kwa Uchaga wa leo baada ya vizazi vitatu au vinne vya kugawana. Kama upande wake unaotazama barabara una mita 40, ukanda wa mita 7.5 unaondoa mita za mraba 300 kati ya kama 2,000. Ni sehemu moja ya saba. Na si sehemu moja ya saba ya nyuma, ambako kihamba kinaanza kuteleza kuelekea korongoni. Ni ile ya mbele, iliyo sawa, yenye nyumba, kibanda cha biashara na, mara nyingi, makaburi.

Nimeyafikia makaburi. Mchaga huzikwa kihambani. Hata aliyefia Mwanza au Minneapolis hurudishwa azikwe chini ya migomba ya baba yake, na familia hulipia kwa michango kile ambacho hakuna aliyepanga kukilipia. Mpaka wa kihamba na mahali pa mzee aliyelala huonyeshwa kwa masale, mmea uleule tunaoutumia kuomba msamaha. Tunayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na inatekelezeka: kaburi linahamishwa, gharama za kuridhisha zinalipwa. Sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na fikra kwamba mstari wa masale uliooteshwa kabla mtu yeyote hajapima barabara unaweza kuitwa uvamizi. Mzee mmoja wa kwetu Mwika, ambaye kwa umri wake tunamwita meku na kumpisha kiti, aliwahi kunieleza jambo hili bila sheria yoyote mkononi: baba yake alikuwa kati ya watu walioitwa kuchonga ile barabara, naye alikuwa anatoka nyumbani kwake asubuhi kwenda kuichonga. Nyumba hiyo ilikuwa palepale. Kati ya nyumba na barabara, aliniuliza, ni nani aliyemvamia mwenzake?

Swali hilo lina uzito wa kisheria kuliko anavyodhani. X nyekundu imejengwa juu ya dhana kwamba hifadhi ilitangazwa kwanza na watu wakaja baadaye. Dhana hiyo ni sahihi kwa mji mdogo uliochipuka kando ya barabara kuu miaka ya 1990, na nadhani ni sahihi kwa sehemu kubwa ya Himo. Kwa vihamba vya juu si sahihi. Sheria ya 1932 ilitangazwa juu ya vichwa vya watu waliokuwa wameshalala na kuamka hapo kwa karne nyingi, nao hawakulipwa chochote, kwa sababu mkoloni hakuihesabu ardhi yao kuwa mali ya kulipiwa. Jamhuri inapotumia mita 22.5 za mkoloni kama ushahidi dhidi ya raia wake, inarithi dhuluma ile na kuiita utaratibu.

Nisieleweke vibaya. Barabara yenye nafasi huokoa roho. Juni 28, 2025, basi kubwa na basi dogo yaligongana pale Sabasaba, Same, yakateketea kwa moto, na makumi ya watu wakafa, wengi wao wakienda kwenye sherehe. Kila anayepita mteremko na kona za Kikafu kati ya Moshi na Bomang'ombe anajua kwa nini abiria hunyamaza wakifika pale. Barabara kuu ya chini, inayobeba malori ya kwenda Namanga na Holili na mabasi ya Desemba yanayorudisha ukoo mzima nyumbani, inahitaji upana huo, na hapo nitamwambia mwananchi apishe, alipwe kwanza, lakini apishe. Na lami ya Rombo nayo imefanya mengi. Mama mjamzito wa Usseri anafika hospitali ya Huruma pale Mkuu bila kurushwarushwa. Ndizi za Mwika zinafika sokoni zikiwa bado za kijani. Wanaharakati wanaozungumzia barabara kama uovu wa ubepari wangefanya vema kumsikiliza mama huyo kwanza.

Ninachokataa ni kipimo kimoja kwa nchi nzima. Barabara ya mgongoni, ambayo magari yake mengi ni Noah, bodaboda na malori madogo ya ndizi, haitahitaji mita 60 leo wala baada ya miaka 50, kwa sababu mgongo wenyewe pengine hauna mita za kutosha kati ya korongo na korongo. Mhandisi analijua hilo. Ndiyo maana lami yenyewe ni nyembamba na inapinda pale ambapo mlima umekataa. Mhandisi amekubali kupinda, kanuni haijakubali.

Kuna jambo jingine ambalo kanuni halioni kabisa, nalo ni maji. Mifongo yetu, ile mifereji ya asili inayoteremsha maji kutoka mitoni, inakatiza barabara katika sehemu nyingi. Barabara ikipanuliwa, mkandarasi anaweka kalavati mahali panapofaa kwa barabara, si mahali mfongo ulipokuwa. Mfongo unakufa. Kisha masika yanapokuja, maji yote ya lami yanakusanywa kwenye mtaro na kumwagwa kwenye kihamba cha mtu mmoja asiye na bahati, yakachimba korongo jipya. Sijaona mthamini akiandika safu ya hasara hiyo katika fomu yake.

Kwa hiyo nawageukia watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, maana najua mpo. Wala hatuhitaji kurudi bungeni kwa yote. Upana wa mita 60 umewekwa na kanuni, na kanuni hutungwa na Waziri. Waziri anaweza kuweka daraja la barabara za milimani lenye hifadhi nyembamba, kwa Kilimanjaro na kwa Lushoto, Rungwe na Uluguru pia, ambako watu wamebanana vilevile. Anaweza pia kuipa X ya kijani umri: ikichorwa, mthamini afike ndani ya muda uliotajwa, asipofika, alama ifutike kisheria na mwenye nyumba apewe barua ya kuithibitishia benki kwamba imefutika. Wakala anayejua kwamba rangi yake ina mwisho atafikiri mara mbili kabla ya kuchovya brashi. Lile la X nyekundu kwenye vihamba vya kale ni gumu zaidi na pengine litahitaji mahakama, na hapo ndipo ningependa kuwaona wanafunzi wetu wa sheria wakikusanya viapo vya wazee wangali hai, kwa sababu shahidi wa mwaka 1932 hatunaye tena na mtoto wake ana miaka 90.

Tunayo Bodi ya Barabara ya Mkoa, na wabunge wetu ni wajumbe wake. Vikao vyake huzungumza kilomita zilizokamilika na fedha zilizochelewa, na taarifa zake ni nzuri kwa mambo hayo. Katika kikao kijacho naomba mjumbe mmoja tu ainuke na kuuliza swali lisilokuwemo kwenye taarifa: kutoka Marangu Mtoni hadi Tarakea kuna alama ngapi za kijani, ni ngapi zimelipwa, na iliyo ya zamani kuliko zote ilichorwa mwaka gani?